Hii ni Picha ya Nini, Kukhu?

"Hata mimi naweza," alisema mmoja wenu juzi, yule mwenye kaptura ya buluu, na wengine mkaangua kicheko. Nilikuwa nimewaonyesha picha kwenye simu: mistari myembamba kama nywele zilizotimuliwa na upepo, moshi mweusi, vipande vya rangi ya machungwa na ya waridi. Hakuna mti, hakuna ng'ombe, hakuna mtu. Mkaanza: hii ni picha ya nini, Kukhu? Mmoja akaigeuza simu juu chini kutafuta upande wake wa kweli. Mwingine akasema kioo kimepasuka.

Siku ile sikuwajibu kwa sababu maharagwe yalikuwa yanashika chini. Leo nimeinjika chai tu, basi kaeni. Na wewe wa kaptura ya buluu, kaa mbele.

Nitaanzia jikoni. Nilipokuwa rika lenu, hapa hapa Nambale, jirani na mpaka wa Uganda, kukhu wangu, yaani bibi yangu, alikuwa na jiko la kando, kibanda cha udongo kilichoezekwa nyasi. Kila mwaka mavuno yakishaingia, kabla ya Krismasi, kilikandikwa upya. Sisi watoto tulitumwa kuchimba udongo wa kichuguu, kwa maana udongo wa mchwa hushika kuliko mwingine wowote. Tukaleta mavi ya ng'ombe, mabichi, na majivu ya jikoni yaliyochekechwa. Yeye akakanyaga ule mchanganyiko kwa miguu hadi ukawa laini kama uji wa wimbi uliopoa, kisha akapiga magoti mbele ya ukuta.

Hapo ndipo nilipokuwa natulia. Alichota kwa kiganja, akabandika, halafu akavuta mkono kutoka kushoto kwenda kulia kwa mzunguko mmoja, bila kusita. Vidole vinne viliacha mifereji minne iliyopinda kama upinde wa mvua. Akasogea kidogo, akavuta tena, upinde wa pili ukalala juu ya ukingo wa ule wa kwanza. Ukubwa wa kila upinde ulikuwa ni urefu wa mkono wake, si zaidi, si pungufu. Jioni jua likiingia mlangoni, ile mifereji ilishika kivuli na ukuta mzima ukaonekana kama ziwa lenye mawimbi. Jirani akiingia hakuhitaji kuambiwa. Alijua huku amekandika mwenye nyumba, na pale karibu na mlango amesaidiwa na binti asiye na subira.

Katika miaka yote hiyo sikumsikia hata mtu mmoja akiuliza: ukuta huu ni picha ya nini?

Mwaka mmoja mvua ilikuwa kali, paa likavuja pembeni, na udongo wa juu ukabanduka kama ganda la yai. Chini yake tuliona pinde za mwaka uliotangulia. Chini ya hizo, nyingine za zamani zaidi. Na chini kabisa, alama ya kiganja kidogo cha mtoto, vidole vitano vimetanuliwa. Baba yangu alidai ni mkono wake. Shangazi naye akadai ni wake. Waligombana hadi chakula kikapoa.

Ushikeni ukuta huo akilini. Tutaurudia.

Wasomi wana jina la picha isiyochora kitu cha kuonekana. Huiita sanaa dhahania. Dhahania ni jambo lililomo mawazoni, huwezi kulishika kwa mkono. Huzuni ni dhahania. Mbuzi si dhahania, hasa akiwa amesimama katikati ya sukuma zako.

Mmesikia habari za Ukraine kwa sababu ya vita na kwa sababu ya bei ya ngano. Lakini katika mambo ya picha nchi hiyo ina hadithi yake. Kazimir Malevich alizaliwa Kyiv mwaka wa 1879. Mwaka wa 1915 alifanya maonyesho huko Urusi, akachora mraba mweusi mtupu, na akautundika juu pembeni, pale ambapo watu wa kwao hutundika picha ya mtakatifu. Mnaweza kukisia watu walivyonung'unika.

Mimi lakini nampenda zaidi mama mmoja wa huko huko, Janet Sobel. Alizaliwa 1893 katika familia ya Kiyahudi. Baba yake aliuawa katika mashambulizi dhidi ya Wayahudi, na 1908 mama yake akawachukua watoto akavuka nao bahari hadi New York. Janet akaolewa, akazaa watoto watano, akapika, akafua. Alipokaribia miaka 45, akiwa hajasoma sanaa popote, akaanza kutumia rangi na brashi za mwanawe aliyekuwa akisomea uchoraji. Akalaza picha sakafuni. Akadondosha rangi kwa vijibomba vya kioo, akaimwaga, akaipuliza kwa mdomo ikiwa bado mbichi ili ikimbie yenyewe. Kufika 1944 alikuwa na maonyesho yake mwenyewe mjini.

Miongoni mwa waliokwenda kuziangalia picha zake ni kijana mmoja, Jackson Pollock. Mwaka wa 1947 Pollock naye akaanza kulaza kitambaa chini na kumwaga rangi, na dunia nzima ikashangilia kwamba amezaliwa mchoraji wa aina mpya. Yule mama akabaki kuitwa mama wa nyumbani. Baadaye mhakiki mkubwa wa enzi hizo aliandika kwamba Pollock alikuwa ameziona kazi za Sobel na zikamgusa, lakini sifa ilikuwa imeshagawanywa. Picha yake ya 1945 aliyoiita Njia ya Maziwa, yaani ule ukanda wa nyota mnaouona usiku stima ikipotea, iko katika jumba kuu la sanaa ya kisasa la New York hadi leo.

Mkondo ule wa New York, kwa Kiswahili, ningeuita sanaa dhahania ya hisia. Mchoraji hachori mtu anayelia. Anauacha mkono ulie wenyewe.

Na msidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. Vukeni hapo Busia, ingieni basi, mchana mko Kampala. Kule Makerere, katika bweni la wasichana liitwalo Mary Stuart, ukutani kuna mchoro mkubwa wa Theresa Musoke kuhusu kuzaliwa. Alisomea uchoraji chuoni hapo miaka ya 1960. Uganda ilipoharibika chini ya Idi Amin alihamia kwetu Kenya, akaishi huku zaidi ya miaka 20 akifundisha na kuchora, ndipo akarudi kwao. Yeye hulowesha kitambaa kwa rangi hadi kipate mabaka, kisha huyatazama mabaka. Wanyama hutokeza humo nusunusu, kama nyumbu wanaotoka kwenye vumbi. Ukisogea karibu sana, wanapotea.

Sasa nimfikie mwenye ile picha ya kwenye simu. Jina lake Julie Mehretu. Alizaliwa Addis Ababa mwaka wa 1970. Baba Mwethiopia, mhadhiri wa jiografia. Mama Mmarekani, mwalimu wa watoto wadogo. Mwaka wa 1974 wanajeshi walimpindua Mfalme Haile Selassie, na miaka iliyofuata watu wengi waliuawa, wengi wao vijana na wanafunzi. Mwaka wa 1977 familia ikahama, ikaenda kukaa Michigan, Marekani. Mtoto ana miaka sita. Kalamu za darasa la kwanza bado ndefu, na tayari ameambiwa kwamba nyumbani si nyumbani tena.

Alisoma Michigan, akakaa mwaka mmoja chuoni Dakar, Senegal, akamaliza shahada ya pili ya sanaa 1997 huko Rhode Island. Alipoanza kujulikana, picha zake zilikuwa zimejaa ramani: michoro ya viwanja vya ndege, ya miji, ya majengo. Mtoto wa mwalimu wa jiografia, mnashangaa nini?

Siwezi kuwaeleza alivyokuwa akifanya bila kuwaonyesha. Leteni nailoni. Si ile mifuko iliyopigwa marufuku 2017, msije mkanipeleka kwa chifu. Nataka ile angavu ya kujalidia vitabu. Kateni vipande vitatu sawasawa. Na kalamu nene, yenye wino unaofutika kwa maji.

Kipande cha kwanza, chora mito miwili, Sio na Malaba, halafu chora mpaka. Vizuri. Ngoja kidogo, mpaka huo nao una kisa. Kabla ya Aprili 1902, hapa tulipoketi palihesabiwa kuwa Uganda. Jimbo la mashariki la Uganda lilienda hadi Naivasha! Waingereza wakaamua kulikata na kuliunga na upande wa Nairobi, mstari ukahamishwa kwenye karatasi, na watu wa Nambale wakaamka wako nchi nyingine bila kuinua mguu. Wasamia wakabaki huku na huku. Wateso wakabaki huku na huku. Mstari uliofutwa haukuacha alama ardhini, lakini katika mambo ya watu uliacha, na uliochorwa upya ndio huo unaokufanya uombwe kitambulisho ukivuka kwenda kumwona shangazi Tororo.

Haya, kipande cha pili. Kiweke juu ya cha kwanza. Chora barabara: huku Mumias, huku Busia, ile nyingine ya Malaba. Chora soko, shule, kanisa, ua wetu, zizi.

Cha tatu, juu ya vyote. Hiki msichore kitu. Pigeni alama tu. Kila bodaboda ni kistari kifupi kinachokwenda mbio. Mnajua neno bodaboda lilitokea huku kwetu mpakani? Watu wa baiskeli walikuwa wakiwavusha abiria kutoka geti la Kenya hadi geti la Uganda wakiita "border, border", mpaka Kiswahili kikalichukua. Kila mama mwenye beseni la omena ni doa. Trela zilizopanga foleni Malaba ni mstari mmoja mnene. Na mkumbuke 2020 wakati wa korona, foleni ile ilivyoenda kilomita kwa kilomita, madereva wakipikia chini ya magari. Wabadilisha pesa ni duara ndogo ndogo. Mvua ya saa kumi, ipake kwa ubavu wa kidole.

Sasa inueni vyote vitatu pamoja, mvielekeze kwenye mwanga wa mlango.

Nani aseme hii ni picha ya nini?

Mmenyamaza. Ni hivyo hivyo. Mtu aliyeingia sasa hivi ataona vurugu ya mistari. Ninyi mnaona foleni na mvua na omena, kwa sababu mlikuwepo ikichorwa. Mehretu yeye hatumii nailoni. Hutandaza kitambaa kizito, turubai, neno lile lile la kifuniko cha trela, akakifunga kwenye fremu. Wakati huo alikuwa akichora juu yake majengo na ramani kwa wino na penseli, kwa ustadi wa msanifu majengo, kila dirisha mahali pake. Kisha hupuliza juu utando mzito wa rangi isiyo na rangi, angavu kama kioo. Ukikauka husuguliwa kwa msasa hadi uwe laini kama kikombe. Juu yake huchora tena. Utando mwingine, msasa mwingine, mchoro mwingine. Mistari ya chini inabaki ndani kama mdudu aliyenaswa kwenye utomvu. Na vile vialama vidogo vya mkono, vistari na madoa na vikoma, yeye huviita wahusika, kama wahusika wa hadithi: wanatembea mjini, wanajenga, wanagombana, wanakimbia.

Mnapenda mpira, basi nitaanza na ile ya 2004 iitwayo Stadia II. Iko Pittsburgh, na upana wake unapita mita tatu na nusu. Unaona mikunjo ya viti ikizunguka, kama umesimama katikati ya uwanja mkubwa mno na umati wote unakuelekea wewe. Vipande vya rangi vimetawanyika hewani. Vingine vinafanana na bendera, lakini huwezi kusema ni ya nchi gani. Kule kuna shangwe. Ukikaa nayo zaidi unaanza kuhisi hofu, kwa maana umati unaoimba na umati unaokimbia risasi, ukiuangalia kutoka mbali, mistari yake ni ile ile. Ameyaweka yote mawili na hakukuambia uchague lipi.

Halafu ile kubwa ya ukutani, katika ukumbi wa benki moja mashuhuri New York, iliyokamilika karibu na mwaka wa 2009. Urefu wake ni futi 80. Ninyi mnaoziona trela za Malaba mnajua kontena la futi arobaini: yapange mawili, pua kwa mkia. Kwenda juu ni futi 23, karibu makontena matatu yaliyopandiana. Humo ndani kuna njia za biashara za zamani, ramani, miji iliyokua, sura za majengo ya mabenki, vyote vimezama chini ya miviringo na mistari ya rangi inayoruka kama karatasi zilizopeperushwa sokoni. Hakuifanya peke yake. Alikuwa na kundi la wasaidizi. Kukandika nako ni hivyo hivyo. Kukhu wangu aliwaita majirani kwa ukuta wa nyumba kubwa, lakini hakuna aliyekuwa na shaka ukuta ni wa nani.

Mwaka wa 2011 watu wa Misri walijaa katika uwanja wa Tahrir, Cairo, wakamtoa rais wao. Pembeni ya uwanja huo kuna jengo kubwa, Mogamma, ambalo wakati huo lilikuwa la serikali, la makaratasi na mihuri na "njoo kesho". Mwaka uliofuata Mehretu akalifanya jina la jengo hilo kuwa jina la picha nne, kila moja ndefu kushinda dari ya darasa lenu. Amechora Mogamma, na juu yake amepandisha michoro ya viwanja vingine vya miji, ukiwemo Meskel wa Addis Ababa alikozaliwa. Halafu akaanza kufuta. Ndiyo, kufuta! Mahali pengine amesugua hadi jengo limekuwa ukungu wa kijivu. Mimi hizi ndizo ninazozipenda kushinda zote. Mkono uliochora unaonekana, na mkono uliofuta nao unaonekana, kwa sababu kilichofutwa hakiishi kabisa. Mnajua wenyewe ubao wa shule: mwalimu anafuta hesabu, na Jumatatu bado unaisoma.

Baadaye aliacha majengo. Siku hizi huanza na picha ya gazetini: moto, ghasia, nyumba za watu zikiteketea. Huiingiza kwenye kompyuta akaivuruga mpaka isijulikane, ikabaki rangi tu, kisha akachora juu ya rangi hizo. Mwaka wa 2018 alifanya moja iitwayo Hineni, neno la Kiebrania la kusema "mimi hapa", lile Musa alilojibu kwenye kichaka kilichowaka bila kuteketea. Chini ya picha hiyo kuna mioto miwili, wa misitu ya California na wa nyumba za Warohingya zilizochomwa huko Myanmar. Ile rangi ya machungwa mliyoiona kwenye simu ilitoka kwenye moto wa kweli. Huoni ndimi zake. Unaona joto.

"Kwa nini asichore tu nyumba ikiungua, tuelewe?" Swali zuri, na lilinisumbua hata mimi. Nadhani, na haya ni mawazo yangu, kuna picha ambazo tumeziona mara nyingi hadi macho yamezoea. Nyumba inaungua kwenye taarifa ya saa moja, na sisi tunaomba chumvi. Ukiondoa nyumba ukaacha joto lake, mtu analazimika kusimama na kujiuliza kwa nini tumbo limemkaza. Lakini mkisema amejificha kupita kiasi sitagombana nanyi. Ziko kazi zake ambazo nimezitazama mara tatu, nikafunga simu nikaenda kuchambua mchele.

Na simu yenyewe inatudanganya. Ipo kazi ya 2017 aliyolifanyia jumba la sanaa la San Francisco, picha mbili zilizotundikwa zikitazamana kwenye ngazi zake. Kila moja ina futi 27 kwenda juu na 32 kwa upana. Studio yoyote ingekuwa ndogo, kwa hiyo alizifanyia kazi katika kanisa lisilotumika tena, mtaa wa Harlem, akipanda na kushuka kwa jukwaa la mashine, huku mpiga piano Jason Moran akitunga muziki mle mle akimwangalia anavyochora. Chini ya rangi kuna mandhari ya milima ya Marekani, kama wachoraji wa karne ya 19 walivyoipamba, na picha za ghasia za mitaani za siku zetu. Mimi nimeiona kwa ukubwa wa kiganja. Ni sawa na kuangalia Ziwa Victoria kwenye kikombe.

Wavulana, najua mnangoja gari. Liko. Mwaka wa 2024 kampuni ya BMW ilimpa gari la mashindano, akalivisha moja ya picha zake kuanzia pua hadi mkia, likakimbia katika yale mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Zuri, ndiyo. Lakini ukiniuliza mimi, si kazi yake bora. Picha yake inataka usimame, na gari halisimami.

Na najua mtauliza bei, maana nyinyi ni watoto wa mpakani. Novemba 2023 picha yake moja ya 2008 iliuzwa kwa mnada New York kwa dola milioni 10.7, zaidi ya shilingi bilioni moja na nusu kwa pesa ya siku hiyo. Hakuna mchoraji mzaliwa wa Afrika aliyekuwa amefikisha hapo mnadani. Fedha hizo humwendea aliyeiuza, si aliyeichora, jambo ambalo kukhu wangu angelifanyia kikao.

Chai imechemka. Nani anayetaka kusema tena "hata mimi naweza"?

Yule wa kaptura ya buluu hakusema. Alikuwa bado ameshika zile nailoni tatu mlangoni, amefumba jicho moja. Akalowesha kidole kwa mate, akaanza kusugua mpaka wa Kenya na Uganda.

"Hautoki, Kukhu."

"Uko nailoni ya chini. Ulichora mwenyewe."

Akasugua tena kwa nguvu. Foleni ya trela ikafutika, na bodaboda mbili, na nusu ya mvua. Mpaka ukabaki pale pale. Akayatazama yale mabaka aliyoyaacha, akageuza vipande upande huu na ule. Kisha akachukua kalamu, badala ya kuvitenganisha, akaanza kupiga vistari vidogo vidogo juu ya mpaka, vingi, vinavyokwenda Uganda na vinavyorudi.

"Na mbuzi waliotoroka niwaweke?"

"Wangapi?"

"Wawili. Wako kwenye sukuma zako sasa hivi."